Usianze na Marumaru: Kukarabati Bafu la Nyumba ya Wageni Pwani

Shawa niliyoinunulia nyumba yangu ya Jambiani, Unguja, ilikuwa pana kama sinia la pilau. Niliiona kwanza kwenye picha za hoteli moja ya Nungwi, maji yakimshukia mtu kama mvua ya masika, nikasema nami lazima niwe nayo. Fundi akaifunga juu, karibu na dari, tukafungua maji. Yakaja matone: moja huku, moja kule, kama paa la makuti lililozeeka. Tangi langu lilikaa kwenye mnara wa mita 4, na shawa ilikuwa zaidi ya mita 2 kutoka ardhini, kwa hiyo maji yalikuwa yanaanguka kimo kisichofika mita 2. Kila mita 10 za kimo huzaa msukumo wa baa 1. Mimi sikufikisha hata baa 0.2, na shawa ile ilihitaji baa nzima. Marumaru zilikwisha kubandikwa, mabomba ya nusu inchi yalikwisha kufukiwa ukutani, na wageni walikuwa wanaingia baada ya siku 9.

Kosa halikuwa la fundi. Nilimwonesha picha, akanifungia picha.

Wengi wetu tunaokodisha nyumba kwa watalii hukarabati bafu kwa macho, lakini mgeni haogi kwa macho. Anacholipia ni maji yasiyokatika, maji ya moto anapoyataka, sakafu inayokauka na hewa isiyonuka. Yote manne yamefichwa nyuma ya marumaru au chini yake, na ndiko pesa yako ya mwanzo inakotakiwa kwenda. Marumaru zenyewe ni vazi tu.

Kabla ya kuvunja chochote, chukua daftari usome malalamiko ya wageni wako wa miaka 2 iliyopita. Airbnb humtaka mgeni atoe alama kwa usafi, ukweli wa tangazo, upokeaji, mawasiliano, mahali na thamani ya pesa yake. Bafu halitajwi, lakini linaamua alama za usafi, za ukweli na za thamani. Nyumba inaweza kufagiliwa mara 3 kwa siku. Mgeni akiona ukungu mweusi kwenye kona ya shawa, ataandika kwamba nyumba ni chafu. Gawa malalamiko hayo mafungu: maji, harufu, ukungu, mwanga, sura. Kwangu mimi, sura ndiyo iliyotajwa mara chache kuliko zote. Hakuna mgeni hata mmoja aliyelalamika kwamba marumaru zangu ni za mtindo wa zamani. Waliolalamikia maji walijaza ukurasa.

Sasa piga hesabu, tena ya karatasi, si ya kichwani. Tuseme nyumba yako inalipwa dola 40 kwa usiku na inapata usiku 140 kwa mwaka: hizo ni dola 5,600. Tuseme bafu jipya litakuwezesha kudai dola 46 na kupata usiku 155: hizo ni 7,130. Tofauti ni 1,530. Kama unapata wageni kupitia tovuti inayokata asilimia 15, utabaki na 1,300 kwa mwaka, kabla ya sabuni, umeme na mshahara wa dada anayesafisha. Kazi ya dola 2,600 itakurudishia pesa yako baada ya miaka 2. Kazi ya dola 5,200 itachukua miaka 4, na upepo wa bahari hautakusubiri miaka 4 bila kugusa kitu. Tarakimu zangu ni za mfano, weka zako. Ila ukiona hesabu inakaa sawa tu pale unapojiahidi usiku 250 kwa mwaka, punguza bafu, usiongeze matumaini.

Kuna hali moja ambayo nisingefikiria mara mbili. Nyumba ikiwa na vyumba 2 vinavyotumia bafu 1, usilipambe lile lililopo. Jenga la pili. Watu wasiojuana hawapendi kupishana mlangoni na taulo kiunoni, na wanaotafuta nyumba mtandaoni huweza kuchuja kabisa vyumba visivyo na bafu lake. Eneo la mita 1.2 kwa 2.2 linatosha choo, sinki dogo na shawa ya sentimita 90, kama mlango utafungukia nje au utateleza. Bafu dogo lililo la mgeni peke yake lina thamani kuliko bafu kubwa la watu wote.

Muda wa kazi

Msimu wetu unajulikana: wageni ni wengi Juni hadi Oktoba, kisha Desemba hadi Februari. Masika, yaani Aprili na Mei, ndiyo nafasi yako, maana hoteli nyingi zenyewe hufunga. Lakini masika ina hila yake. Hewa imejaa unyevu, lipu na sakafu hukawia kukauka, na fundi mwenye haraka atabandika marumaru juu ya sakafu mbichi. Ongeza wiki 2 juu ya muda atakaokutajia. Angalia na Ramadhani, ambayo hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka: ndani ya mwezi huo mafundi wengi hufanya kazi nusu siku, na wiki ya Idi hutamwona mtu. Funga kalenda yako mtandaoni mapema. Ukimkubali mgeni kisha ukamkatalia kwa sababu bafu halijaisha, tovuti hukutoza faini, na utakuwa umeanza kupoteza pesa ile ile uliyoitafuta.

Maji kwanza

Upande wetu wa mashariki, kuanzia Bwejuu hadi Makunduchi, visima vingi vina maji ya chumvichumvi. Mwamba ni wa matumbawe, una matundu kama sponji, na bahari hupenya chini kwa chini. Maji hayo hayamwui mtu, lakini yanaua mifereji (bara wanaiita mabomba), yanaziba matundu ya shawa kwa ukoko mweupe, na yanamwacha mgeni na nywele ngumu kama katani. Kama unaweza kupata maji ya mamlaka hata mara 2 kwa wiki, jenga akiba ya kuyahifadhi kwa ajili ya shawa na sinki, na maji ya kisima yaende chooni na bustanini. Ni matangi 2 na mabomba ya njia mbili, gharama ambayo haionekani kwenye picha yoyote, na ndiyo iliyonipunguzia malalamiko kuliko kitu kingine.

Ukubwa wa akiba nakadiria hivi: lita 150 kwa mtu kwa siku. Wageni 4 ni lita 600. Siku 3 bila maji ni lita 1,800. Kwa hiyo tangi la lita 2,000. Likijaa lina uzito wa tani 2. Nimeona matangi kama hayo yamewekwa juu ya dari ya bafu lenyewe ili kuokoa gharama ya mnara. Usifanye hivyo.

Kisha msukumo. Pima kimo kati ya kitako cha tangi na kichwa cha shawa kabla ya kununua shawa, si baadaye kama mimi. Kikiwa chini ya mita 5, una njia 2: shawa ya mkononi yenye kichwa kidogo, ambayo huridhika na msukumo mdogo, au pampu inayowaka yenyewe maji yanapofunguliwa. Pampu ni nzuri, ila hutegemea umeme, na hukoroma. Iweke mbali na ukuta wa chumba cha kulala, la sivyo anayeoga saa 11 alfajiri atawaamsha wote. Na bomba linalotoka kwenye tangi liwe la inchi 1, lipungue kuwa robo tatu, halafu nusu mwishoni tu. Mafundi wengi huanza na nusu inchi tangu juu kwa sababu ndilo walilonalo kwenye mfuko.

Maji ya moto yanagawa watu. Wenyeji tunashangaa mtu anayeoga maji ya moto Unguja. Lakini Julai na Agosti, kusi inapovuma na mgeni ametoka baharini jua limezama, anatetemeka kweli. Uzuri ni kwamba hatuhitaji mengi, maana maji yetu ya kawaida tayari yana nyuzi 27 hivi. Hita ya lita 50 iliyopashwa hadi nyuzi 55, ikichanganywa na maji ya tangini, hutoa zaidi ya lita 120 za maji ya kuogea. Kwa shawa inayotoa lita 8 kwa dakika, hizo ni dakika 15. Wanaohitaji hita ya lita 150 ni watu wa milimani, si sisi. Hita ya jua nayo inafaa sana hapa, na anayekumbuka Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi 3 ambayo Unguja ilikaa bila umeme wa kutoka bara, hahitaji kushawishiwa.

Zile shawa za umeme zinazopasha maji papo hapo kichwani ni rahisi kununua na rahisi kufunga vibaya. Yenye nguvu ya kilowati 5.5 hula ampea 24. Iunganishe kwenye waya wa taa na utapika waya ukutani. Inataka waya wake peke yake wa milimita 6 kutoka kwenye ubao wa umeme, breka yake, waya wa ethi unaofika ardhini kwelikweli, na kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampea 30. Kama maji yako ni ya chumvi, sisitiza ununue ile iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi: kwenye nyingi za kawaida maji hugusa waya wa moto moja kwa moja, na chumvi hupitisha umeme. Hapa sina mzaha. Mgeni akitekenywa na umeme akiwa bafuni, suala la nyota ngapi halipo tena.

Chini ya sakafu

Hapa ndipo nakuomba ukae na fundi, ukiwa na pimamaji mkononi mwako, hata kama hujui ujenzi.

Sakafu nzima ya bafu iwe chini ya sakafu ya chumba kwa sentimita 2 au 3, na sehemu ya shawa iwe chini zaidi. Mteremko kuelekea kwenye tundu la maji uwe sentimita 1 na nusu hadi 2 kwa kila mita. Ukipungua, maji yatasimama. Ukizidi, mgeni atajiona anaoga mlimani. Kabla ya marumaru kubandikwa, mwaga ndoo ya maji kwenye kona ya mbali kabisa na tundu, usimame uangalie. Kama kuna dimbwi limebaki, sakafu irudiwe siku hiyo hiyo. Fundi atakuambia kwamba marumaru zitasawazisha. Hazisawazishi.

Maji hayapenyi marumaru. Hupenya grauti, kona, na pale mfereji unapotokea ukutani. Kwa hiyo kinachozuia maji ni ile dawa inayopakwa kabla yake. Ipakwe mikono 2, wa pili ukikatiza wa kwanza baada ya wa kwanza kukauka. Kwenye kona ya sakafu na ukuta ulazwe utepe wa kitambaa ndani ya dawa, maana nyufa huanzia hapo. Ipande ukutani sentimita 20 pande zote, na upande wa shawa hadi mita 2. Halafu fanya jaribio ambalo mafundi wengi hawalipendi kwa sababu linawasimamisha kazi: ziba tundu, jaza maji ya kina cha sentimita 3, piga alama ya penseli ukutani, uondoke. Rudi baada ya saa 24. Maji yakishuka, kuna tundu mahali, na ni afadhali kulijua leo.

Harufu ndiyo inayofukuza wageni kimyakimya. Haitokani na uchafu. Hutokana na karo kupumulia chumbani. Kila tundu la maji lazima liwe na mtego, ile kona ya bomba inayobaki na maji, na kina chake kisipungue sentimita 5. Bomba la choo la inchi 4 liwe na bomba la kutolea hewa linalopanda hadi juu ya paa. Bila hilo, mtu akifulashi, maji kwenye mitego mingine hunyonywa na harufu hupata njia. Na hata mitego ikiwa kamili, nyumba ikikaa tupu wiki 3 maji yake hukauka, kisha huja harufu, na nyuma ya harufu mende. Katika miezi ya ukimya, mtu aingie kila wiki amwage kopo la maji kwenye kila tundu. Hiyo ni bure.

Kama karo lenyewe litahamishwa au kuongezwa, liwe mita 30 kutoka kisima chochote, chako au cha jirani. Mwamba wetu hauchuji kitu. Weka na chemba yenye mfuniko unaofunguka nje ya ukuta wa bafu, kwa sababu wageni wa pwani huja na mchanga miguuni, na mchanga huishia kwenye kona ya bomba.

Kwa hiyo ondoa mchanga kabla haujaingia. Mfereji mmoja wa kunawia miguu kwenye baraza, wenye kokoto chini na kiti cha kukalia, ni kazi ya siku moja. Nilipouweka, kuziba kwa mabomba kulikwisha, na dada anayetusafishia aliacha kuulalamikia ufagio. Walio Paje, ambako wageni wengi huja kuchezea upepo kwa tiara, waongeze kamba na kulabu nene nje za kuanikia mavazi ya baharini, maana yasipopata mahali yatatundikwa kwenye shawa na kuing'oa.

Mchanga wa pwani usiingie kwenye lipu pia. Ni wa bei nafuu na uko karibu, lakini chumvi yake itatoka ukutani kama unga na kuzisukuma marumaru. Dai mchanga wa shimoni, uonje kama huamini.

Nyumba za Mji Mkongwe

Wenye nyumba za zamani mjini wana kanuni zao, na wengi huzijua baada ya hasara. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, ghorofa imebebwa na boriti za mikoko. Ukipiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa, unyevu uliozoea kutoka utafungiwa ndani, na ukuta utaanza kumomonyoka. Ukijenga bafu jipya ghorofani katikati ya nyumba, tone moja linalovuja kila siku litaozesha boriti bila wewe kuona, mpaka dari ya chini ikae tumbo. Bafu la ghorofani liwe juu ya bafu la chini, kwenye ukuta wa nje, mabomba yapite nje yakionekana na kurekebishika. Mji uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, kwa hiyo kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe kinatangulia nyundo, hata kwa dirisha dogo la kutolea mvuke.

Lakini mnao utajiri ambao sisi wa mashamba hatuna. Hamamu ya Kidichi ilijengwa 1850, na ya Hamamni zama za Sayyid Barghash, zote za chokaa. Ukuta wa bafu uliosuguliwa kwa chokaa, ile kazi mafundi wa Lamu wanayoiita niru, humvutia mgeni kuliko marumaru yoyote kutoka kwenye kontena. Masharti ni 2: fundi awe anaijua, na siki isiguse ukuta ule kamwe, maana asidi hula chokaa.

Vinavyoonekana

Marumaru, basi, kwa ufupi. Sakafuni usiweke zinazong'aa: mgeni aliyelowa akianguka, hutapenda kitakachofuata. Chagua zenye ngozi ya kukwaruza kidogo, na kwenye shawa ziwe ndogondogo ili zifuate mteremko. Ukutani weka unazozipenda, rangi nyepesi. Nunua asilimia 10 zaidi, uhifadhi zilizobaki chini ya kitanda. Baada ya miaka 2 duka halitakuwa na rangi ile. Mwangalie fundi anapobandika: gundi ienee mgongo mzima wa marumaru, isiwe madonge 5 kwenye pembe na katikati. Ukigonga kwa kifundo cha kidole na kusikia mlio wa mtungi mtupu, ibanduliwe.

Kwenye vyuma usihurumie mfuko. Kusi hupeperusha chumvi mpaka ndani ya kabati. Mfereji wa bei poa una ganda linalong'aa juu ya madini mepesi, na katika msimu mmoja ganda hutoka malengelenge. Upime kwa mkono dukani: wa shaba ni mzito. Kulabu, bawaba na skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, si 304 kinachotosha Dodoma. Mimi nilibadilisha mifereji yote nikasahau skrubu za kioo, na michirizi ya kutu iliteremka ukutani kama wanja uliolia.

Dirisha la juu lenye vioo vya luva na wavu wa mbu hufanya kazi kuliko feni nyingi, ila bafu lisilo na ukuta wa nje lazima lipate feni ya kutoa hewa inayowaka pamoja na taa na kuendelea dakika 10 baada yake. Kazi hiyo ya feni ndiyo inayozuia ukungu, si dawa za kusugulia.

Choo kipya kiwe cha vitufe 2, lita 3 na lita 6. Matangi mengi ya zamani humeza lita 9 au zaidi kila mara, na wewe ndiye unayelipia gari la maji.

Mpira wa kuchambia uwepo, usijadili. Mgeni kutoka Muscat, familia ya Dar iliyokuja kula Idi, mwalimu wa Mombasa aliye likizo: wote wataingia chooni wautafute kabla ya kutazama chochote, na wasipouona watajua nyumba hii haikujengwa kwa ajili yao. Wazungu wengi hawautumii, na haujamdhuru yeyote. Uwe na kifungio chake ukutani, kwa sababu mpira uliobanwa na msukumo usiku kucha hupasuka, nao huchagua usiku ambao hakuna mtu. Tukiwa hapo hapo: kibla hapa Unguja ni kaskazini, karibu sawasawa. Choo kitazame mashariki au magharibi. Fundi wa hapa atakuwekea hivyo bila kuambiwa. Mchoraji ramani kutoka mbali inabidi aambiwe.

Yaliyobaki ni madogo na hayana gharama, lakini wageni huyataja kwa majina. Kidaka cha sabuni ndani ya ukuta wa shawa, kama walivyochimba wazee wetu kwenye kuta zao, badala ya kijirafu cha plastiki. Kulabu 2 kwa kila mgeni. Taa upande wa kioo, si nyuma ya kichwa cha anayejitazama. Soketi mbali na maji, karibu na kioo. Mahali pa kuweka nguo kavu wakati wa kuoga. Hili peke yake nimelisahau katika mabafu 2 kati ya 3 niliyojenga.

Bei mpya

Piga picha asubuhi, dirisha wazi, mfuniko wa choo umefungwa, taulo zimekunjwa kawaida. Usizifinyange ziwe bata. Rekebisha tangazo: maji ya moto, bafu la chumba, mpira wa kuchambia kama tovuti ina nafasi ya kuutaja, na uandike mwezi na mwaka wa ukarabati ili anayesoma lalamiko la zamani ajue limepitwa. Kisha vumilia kidogo. Wape wageni wa Juni bei ya zamani. Maoni yao ndiyo yatakayokuuzia Julai na Agosti kwa bei mpya. Ukipandisha siku ile ile grauti inapokauka, unamdai mtu pesa kwa ahadi.

Na fundi usimlipe yote. Gawa mafungu: la kwanza baada ya mabomba kujaribiwa, la pili baada ya maji ya saa 24 kutoshuka, la tatu marumaru zikiisha, na la mwisho, lisilopungua sehemu 1 ya 5, likae mfukoni mwako. Halafu nenda ukalale mwenyewe katika nyumba hiyo usiku 2. Oga asubuhi, oga jioni, fulashi wakati mwenzako yuko kwenye shawa, funga dirisha uone mvuke unakwenda wapi. Ukiamka siku ya pili ukakuta sakafu bado ina maji, mpigie fundi simu kabla hujanywa chai.